Kutoka Jang'ombe hadi Los Angeles, na kurudi Jangwani

MAKAME: Assalaam alaykum wasikilizaji wetu wa Unguja na Pemba, na nyinyi mlioko Bara na ng'ambo. Mie Makame, niko na mwenzangu Zuwena. Leo tunamzungumza mchezaji wetu anayetoka visiwani, anakwenda kucheza mbali, kisha anarudi. Zuwena, kuna kauli naisikia sana maskani, na inaniuma.

ZUWENA: Naijua. "Kashindwa huyo, karudi."

MAKAME: Hiyo hiyo! Kijana akiondoka tunamsomea dua. Akirudi baada ya msimu mmoja, tunamzika. Hebu mtazameni Nadir Haroub, beki wetu wa kati.

ZUWENA: Cannavaro wetu.

MAKAME: Katoka klabu ya Malindi ya hapa Unguja, kaenda Yanga, na mwaka 2009 kafika Kanada, Vancouver Whitecaps, yeye na Nizar Khalfan. Nizar akabaki kule, na Whitecaps ilipoingia MLS, ligi kuu ya Marekani na Kanada, mwaka 2011 alikuwamo. Nadir akarudi Yanga. Sasa aliyerudi alipoteza nini? Kavaa kitambaa cha unahodha Yanga, kakivaa Taifa Stars, timu ya taifa ya Tanzania, na Zanzibar Heroes, timu yetu ya visiwani, ikamtegemea miaka na miaka. Kama angeng'ang'ania benchi ya ugenini kwa kuogopa maneno yetu, hayo yote tungeyapata wapi?

ZUWENA: Na waliokuja nyuma yake walimtazama yeye. Abdallah Shaibu, Ninja, katoka Taifa ya Jang'ombe kaingia Yanga mwaka 2017. Beki wa kati vilevile, Mzanzibari vilevile. Nadir alipostaafu mwaka 2018 alimkabidhi jezi yake, namba 23.

MAKAME: Na njia ikawa kama ileile! Mwaka 2019 Ninja kasajiliwa na Vyškov ya Jamhuri ya Czech, nao wakampeleka kwa mkopo Marekani, timu ya pili ya LA Galaxy. Mwaka 2020 yuko Yanga tena.

ZUWENA: Kijana wa Jang'ombe, ndani ya miaka mitatu amekwishafika Los Angeles. Mie hilo najivunia, sifichi. Lakini Makame, nakubaliana na wewe nusu tu.

MAKAME: Nusu ipi unaikataa?

ZUWENA: Tusiwalaumu wanaorudi, sawa. Ila tuulize kwa nini safari zao zinakuwa fupi, maana tukinyamaza atakayefuata ataingia kwa macho yaliyofungwa. Chukua mkopo. Mchezaji ana mkataba na klabu moja, anacheza klabu nyengine. Klabu aliyokopeshwa haina haja ya kumlea, inamtaka afanye kazi msimu huu. Klabu yenye mkataba wake iko mbali. Na huko ni mgeni, na nafasi za wageni zina idadi. Mgeni hasajiliwi ili asubiri kukua.

MAKAME: Beki ndiyo taabu zaidi. Mshambuliaji anaweza kuingia dakika ya 80 akafunga, watu wakamjua. Beki anahitaji mechi mfululizo, anahitaji kuelewana na kipa na mwenzake wa pembeni, kwa lugha ambayo pengine ndiyo kwanza anajifunza.

ZUWENA: Umeona? Halafu lipo jengine letu sisi peke yetu. Zanzibar si mwanachama wa FIFA. CAF, shirikisho la soka la Afrika, walitupokea Machi 2017, Julai wakatutoa. Maana yake nini kwa mchezaji aliye nje? Taifa Stars ikimwita kwenye tarehe za FIFA, klabu yake inalazimika kumwachia. Heroes ikimwita kwenda Chalenji, kombe la nchi za Afrika Mashariki na Kati, klabu haina lazima yoyote. Aje kwa hisani tu.

MAKAME: Na ndiyo maana timu iliyofika fainali ya Chalenji Desemba 2017 kule Machakos, ikatoka sare 2-2 na Kenya na kufungwa kwa penalti, ilikuwa ya vijana wa ligi zetu hizi hizi. Walimpiga Uganda nusu fainali! Wallahi siku zile mji haukulala.

ZUWENA: Feisal Salum alikuwamo, bado mchezaji wa JKU, klabu ya hapa Zanzibar. Mwaka uliofuata Yanga, mwaka 2023 Azam. Yeye hajatoka nchini, lakini kwa mtoto wa hapa kuvuka bahari kwenda Bara ni ugenini pia: ligi nyengine, mashabiki wengine, presha ambayo hapa kwenye uwanja wetu wa Mao Zedong huijui.

MAKAME: Abdi Kassim, Babi, alianzia kwetu pia, akafika mpaka Vietnam. Na bao lake dhidi ya Uganda mwaka 2007, uwanja mpya wa Taifa Dar es Salaam, linakumbukwa mpaka leo.

ZUWENA: Hao ndio ninaotaka tuwatumie. Nadir alipoacha kucheza, Yanga walimpa umeneja wa timu. Walijua alichobeba kichwani. Huku kwetu mchezaji aliyerudi anakaa maskani, anaulizwa kuhusu baridi na pesa, basi.

MAKAME: Hakuna anayemuuliza mkataba ulikuwaje.

ZUWENA: Hakuna! Kwa hiyo viongozi wa klabu mnaotusikiliza, kuanzia Gombani mpaka Makunduchi: kama mtaani kwenu yupo aliyecheza nje, hata kwa miezi sita, mwiteni mazoezini kabla dirisha la usajili halijafunguliwa. Akae na vijana na wazee wao, awaeleze mkopo ni nini, wakala anakata kiasi gani, na karatasi gani asiitie saini bila mtu wa kumsomea.