Vijiko Vitatu vya Pilipili: Chili con Carne ya Kupikia Nyumbani

ZUHURA: Karibuni tena jikoni, wasikilizaji wetu. Mimi ni Zuhura.

BARAKA: Na mimi ni Baraka, ambaye leo nimekuja kama mshtakiwa.

ZUHURA: Mshtakiwa tena! Wewe mwenyewe ndiye uliyenipigia simu usiku: “Dada Zuhura, wageni wanalia.” Haya, waeleze watu.

BARAKA: Nilitaka kupika chili con carne. Nikapata maelezo ya Mmarekani mmoja, wala hayakuwa magumu. Nyama ya kusaga, nyanya, maharagwe, na unga wa chili vijiko vitatu. Vijiko vya chakula, si vya chai. Sasa mimi ni mtu wa kufuata maelekezo. Nikachukua pilipili kali ya unga, nikachota kimoja, cha pili, cha tatu.

ZUHURA: Na mkono haukusita?

BARAKA: Ulisita kwenye cha pili. Nikajiambia, chakula ni chao, wao ndio wanaojua.

ZUHURA: Na wageni?

BARAKA: Walikuwa watatu. Wa kwanza aliomba maji, akanywa, akaomba mengine. Wa pili akawa anakula wali mtupu akinisifia sahani. Wa tatu akatoka nje, eti anapokea simu. Simu yake ilikuwa mezani.

[Kicheko]

ZUHURA: Pole, kaka. Lakini nikutetee kidogo. Huo unga wa chili wa Wamarekani si pilipili tupu. Ni mchanganyiko: pilipili nyekundu zilizokaushwa, zile za upole, zimesagwa pamoja na bizari nyembamba, oregano, yale majani makavu ya kiungo, na kitunguu saumu. Mmoja wa waliouanzisha ni William Gebhardt, Mjerumani aliyehamia Texas, akawa anapika na kuuza chakula katika mji wa New Braunfels. Miaka ya 1890 akaanza kuuza unga huo ukiwa tayari. Ukitia vijiko vitatu vyake unapata rangi na harufu. Ukali upo, ila unajua adabu.

BARAKA: Mimi nikatia usio na adabu.

ZUHURA: Vijiko vitatu. Kwa hiyo wasikilizaji, mkikuta unga wa chili kwenye maelezo ya Kimarekani, tengenezeni wenyewe. Kwa nusu kilo ya nyama: paprika, ile pilipili nyekundu ya unga isiyo kali, vijiko viwili vya chai, bizari nyembamba viwili, oregano nusu kijiko, na pilipili kali nusu kijiko. Nusu! Ya chai. Kuongeza unaweza wakati wowote. Kupunguza ndiyo kazi.

BARAKA: Na yale maji waliyokunywa hayakuwasaidia kitu.

ZUHURA: Hayawezi. Kinachochoma kwenye pilipili kinaitwa kapsaisini, na hakiyeyuki kwenye maji, kinayeyuka kwenye mafuta. Maji yanakisambaza tu mdomoni. Ungewapa maziwa au mtindi. Ndiyo maana chili hii mara nyingi huliwa na mtindi mzito juu, au jibini. Si pambo lile.

BARAKA: Kabla hatujawasha jiko, niulize. Nimesikia kuna watu ukitia maharagwe wanakununia.

ZUHURA: Hao ni watu wa Texas, na wana hoja. Jina lenyewe ni Kihispania, maana yake pilipili na nyama. Maharagwe yametajwa wapi? Mwishoni mwa karne ya 19 kulikuwa na akina mama huko San Antonio, wengi wao wenye asili ya Meksiko, waliouza chili jioni kwenye viwanja vya mji. Waliitwa malkia wa chili. Mwaka 1893 San Antonio ilikuwa na kibanda chake cha chili kwenye maonyesho makubwa ya Chicago. Mwaka 1977 Bunge la Texas likaitangaza kuwa chakula rasmi cha jimbo. Sasa mtu wa namna hiyo umwekee maharagwe?

BARAKA: Na wanashindana kabisa, sivyo?

ZUHURA: Wanashindana! Mwaka 1967, kijiji cha Terlingua, jangwani huko Texas, watu wawili walipambanisha sufuria zao. Majaji walikuwa watatu. Mmoja akampa huyu, mwingine akampa yule. Wa tatu akaonja, akatema, akasema ulimi wake umeharibika, hawezi kuamua. Ikawa sare.

BARAKA: Huyo jaji namfahamu. Alikuja kula kwangu.

[Kicheko]

ZUHURA: Hadi leo mashindano hufanyika Terlingua, na maharagwe ni marufuku. Mimi natia. Siwanii kombe, napika chakula cha jioni, na maharagwe yanaifanya nusu kilo ya nyama iwatoshe watu wanne au watano bila mtu kuhesabiwa vijiko.

BARAKA: Haya, jiko limewaka. Mimi huanza na kitunguu, namwaga nyama juu yake, nakoroga mpaka iive.

ZUHURA: Basi hapo ndipo ladha yako inapopotelea. Nyama yako inakuwa na rangi gani?

BARAKA: Kijivu.

ZUHURA: Na chini ya sufuria?

BARAKA: Kuna maji.

ZUHURA: Ehe. Hiyo umeichemsha, hujaikaanga. Penye maji joto haliwezi kupita nyuzi 100. Nyama ili ishike rangi ya kahawia na ile harufu ya kuchoma inahitaji joto la nyuzi 140 hivi kwenda juu. Sasa ukijaza nusu kilo nzima kwenye sufuria ndogo, inatoa maji, maji hayapati pa kukaukia, inajichemsha yenyewe.

BARAKA: Kwa hiyo nifanyeje?

ZUHURA: Chukua sufuria pana, nzito chini. Ipashe moto mkali kabla ya kutia chochote, kisha mafuta kidogo. Nyama igawe mara mbili. Tia nusu ya kwanza, itandaze kwa mwiko kama unatandaza mkeka, halafu weka mwiko chini. Uweke chini, Baraka.

BARAKA: Mkono wangu unawasha nikiona kitu jikoni hakikorogwi.

ZUHURA: Najua. Acha dakika tatu, nne. Utasikia sauti inabadilika. Mwanzo inalia kama mvua, maji yanatoka. Yakikauka inaanza kupasuka kwa sauti kavu. Hapo inua kipande kimoja uangalie chini. Kikiwa kahawia iliyokolea, geuza, vunjavunja, subiri tena kidogo. Iondoe, tia nusu ya pili.

BARAKA: Na ule uchafu unaoganda chini?

ZUHURA: Uchafu! Ule ni ukoko, na ukoko ndio mali. Ukiwa kahawia ni utamu, ukiwa mweusi ni uchungu, kwa hiyo simama karibu. Sasa ndiyo utie kitunguu maji, kimoja kikubwa kilichokatwakatwa, na pilipili hoho moja. Punguza moto. Maji ya kitunguu yatalainisha ule ukoko, ukwangue taratibu kwa mwiko. Dakika nane, kumi, mpaka kitunguu kilegee kabisa.

BARAKA: Halafu kitunguu saumu.

ZUHURA: Punje tatu zilizopondwa, dakika moja tu, kinaungua haraka. Kisha vile viungo. Usisubiri kuvinyunyizia juu ya mchuzi. Vitie sasa, palipo na mafuta, ukoroge nusu dakika. Harufu ya bizari nyembamba ikikupiga puani, fuatisha nyanya ya kopo, ile nzito, vijiko viwili vya chakula. Nayo ikaange mpaka wekundu wake ukolee, isinukie ubichi.

BARAKA: Hapa umeruhusu kukoroga?

ZUHURA: Hapa koroga mpaka uridhike. Ikishakolea, rudisha nyama, tia nyanya za kukatwa gramu 400, za kopo au mbichi zilizomenywa, maji kikombe kimoja, na chumvi. Ikichemka punguza moto uwe mdogo kabisa, funika, uache upenyo.

BARAKA: Kwa muda gani? Yale maelezo yangu yalisema dakika 20.

ZUHURA: Dakika 20 italika. Dakika 45 itakuwa tamu. Saa moja na nusu ndiyo utaelewa kwa nini watu wanagombana Texas. Kama badala ya kusagwa umetumia nyama ya vipande, tena ile ya bega yenye mishipa, basi hesabu saa mbili hadi tatu, mpaka kipande kiachane chenyewe. Chungulia mara mojamoja, ikikauka ongeza maji.

BARAKA: Maharagwe yanaingia lini?

ZUHURA: Ya kopo yasuuze, uyatie dakika 15 za mwisho. Yameshaiva, hayana kazi. Ila kwa wanaotumia makavu, naomba tusimame kidogo, maana hili si la ladha. Maharagwe mekundu yakiwa mabichi yana sumu yake ya asili, aina ya lektini. Punje nne au tano tu zisizoiva zinatosha kumtapisha mtu na kumharisha ndani ya saa chache.

BARAKA: Nne?

ZUHURA: Nne. Dawa yake ni rahisi. Loweka usiku kucha, angalau saa tano. Mwaga yale maji. Tia mapya, chemsha kwa moto mkali yakitokota hasa kwa dakika zisizopungua 10. Mimi naacha hata 30. Baada ya hapo ndiyo upunguze moto yaive mpaka yalainike.

BARAKA: Mimi nina lile jiko la umeme la kupika taratibu. Nilitaka kutia kila kitu asubuhi, nirudi jioni.

ZUHURA: Maharagwe makavu usithubutu! Majiko yale mengine hayafiki joto la kuchemsha, na joto la nusunusu linaweza kuizidisha sumu kuliko hata yakiwa mabichi. Yachemshe kwanza pembeni ndiyo uyatie. Presha kuka haina shida, ile inapita nyuzi 100. Na jambo jingine: usiyapike makavu moja kwa moja ndani ya nyanya. Uchachu wa nyanya unayakaza, utapika mpaka gesi iishe.

BARAKA: Na wasiokula nyama?

ZUHURA: Weka uyoga uliokatwa vidogo, uukaange kwa mtindo uleule mpaka ukauke, na uzidishe maharagwe. Mengine yote hayabadiliki.

BARAKA: Kuna waliosema nitie chokoleti. Nikadhani wananidhihaki.

ZUHURA: Kipande kidogo cha chokoleti nyeusi, mwishoni. Hutasikia chokoleti, utasikia mchuzi umekuwa mzito mdomoni. Wapo wanaotia mdalasini pia. Chili ya Cincinnati, mji mwingine wa Marekani, ina mdalasini, nayo humwagwa juu ya tambi.

BARAKA: Watu wa Texas wanasemaje kuhusu hizo tambi?

ZUHURA: Tusiwaulize. Mimi ninachokijali mwishoni ni ndimu. Onja. Ukiona ladha imelala na chumvi ipo, usikimbilie pilipili. Kamulia ndimu nusu, onja tena. Mara tisa kati ya kumi ndicho kilichokosekana.

BARAKA: Na kula?

ZUHURA: Wali, mkate, viazi vya kuoka, utakavyo. Ikiwezekana, kesho yake. Ikilala, viungo vinaingia kwenye nyama, mchuzi unashika. Ila isilale kwenye sufuria juu ya jiko. Igawe kwenye vyombo vya kina kifupi ipoe upesi, na ndani ya saa mbili iwe imeingia kwenye friji. Humo inakaa siku tatu, nne. Kwenye friza miezi mitatu, na ukiipasha ichemke kweli, si uvuguvugu.

BARAKA: Miezi mitatu ya friza... Dada, nikiri jambo?

ZUHURA: Usiniambie.

BARAKA: Ile ya siku ile bado ninayo, kwenye friza. Bakuli zima. Nilishindwa kuimwaga, ni nyama ile.

ZUHURA: Ina muda gani?

BARAKA: Wiki tatu.

ZUHURA: Basi umeokoka. Usiipashe kama chakula. Ikwangue kwenye vitrei vya barafu, uigandishe tena vipande vipande. Ukipika nyingine, usitie pilipili ya unga kabisa. Tupia kipande kimoja, chemsha vizuri, onja. Kikikosa nguvu, cha pili.

BARAKA: Kwa hiyo kumbe nilitengeneza kiungo.

ZUHURA: Cha kutosha ukoo mzima.

BARAKA: Jumamosi nawaalika tena walewale watatu.

ZUHURA: Watakuja?

BARAKA: Wawili wamekubali. Wa tatu simu yake haipokelewi.