Mtoto Akishasikia, Anamuuliza Nani?

(Mhadhara kwa wazazi na walimu, Newala, mkoani Mtwara)

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Wazazi wenzangu, walimu, viongozi wetu wa dini, na nyinyi mama zangu makungwi mliokaa pale dirishani, shikamooni.

Mwalimu mkuu ameniomba nizungumze juu ya simu, redio na afya ya watoto wetu. Kazi ya uuguzi nimeifanya miaka mingi huku juu kwetu. Nitaanza na siku niliyoshindwa, maana ndiyo iliyonifundisha.

Aprili 2018 nchi yetu ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 14 dhidi ya kirusi cha HPV. Kirusi hicho ndicho chanzo cha saratani ya mlango wa kizazi, inayowapata wanawake wa Tanzania kuliko saratani nyingine yoyote. Nilikwenda shule moja na kisanduku changu cha barafu na karatasi ya maelezo. Nikasimama mstarini asubuhi, nikaisoma karatasi kuanzia juu hadi chini. Kila neno lilikuwa la kweli. Tulipoanza kuita majina, wasichana hawapo. Wawili tuliwakuta wamejifungia chooni. Wengine walikuwa wameshakatiza kwenye mikorosho, wanakwenda kwao.

Kilichowakimbiza ni sauti. Sauti ya mwanamume ambaye hakuna aliyemjua, iliyokuwa inatumwa WhatsApp kutoka simu hadi simu, ikisema sindano hii inafunga kizazi. Mabinti wenyewe hawakuwa na simu. Waliisikia kwa shangazi, wakaisikia tena kwa mjomba. Na nyinyi mnajua, huku kwetu mjomba akishasema juu ya mtoto wa dada yake, nani atasimama kupinga?

Siku ya pili niliiacha karatasi nyumbani. Nilikaa nao barazani, nikanyamaza mpaka mmoja akauliza: "Nesi, nikichomwa nitazaa?" Nikamjibu kwamba atazaa, kwamba sindano haigusi uzazi, inaufundisha mwili kumtambua adui kabla hajafika. Mwingine akadaka: "Mbona sisi tu, wavulana hamuwachomi?" Swali zuri, tena lilikuwa na uchungu ndani yake. Nikawaeleza kwamba mlango wa kizazi ni wa mwanamke, kwamba kirusi huambukizwa kwa kujamiiana, na kwamba saratani yenyewe huja miaka mingi baadaye, ndiyo maana chanjo inatangulia mapema. Tulikaa karibu saa nzima. Wakachanjwa, isipokuwa mmoja aliyetaka kwanza mama yake aje. Mama akaja, naye akauliza yake.

Tangu hapo nikiambiwa tangazo la afya limewafikia watu wengi, swali langu ni moja: mtoto akishasikia, anamuuliza nani?

Wa rika langu mnakumbuka picha za UKIMWI zamani zile. Mafuvu. Majeneza. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, watu wakaingiwa na hofu, na sisi wa afya tukaongeza hofu juu ya hofu. Mtu aliyetishwa bila kuonyeshwa pa kukimbilia hufunga masikio. Hapimi, hasemi, na mwenzake akiugua anamkimbia. Niliwaona kwa macho yangu.

Wamarekani nao walijaribu njia ya kukataza. Kati ya 1998 na 2004 walitumia karibu dola bilioni 1 kwenye matangazo ya kuwaonya vijana juu ya dawa za kulevya, hasa bangi. Tathmini ilipofanyika, haikuonekana kwamba matangazo yaliwazuia vijana, na kulikuwa na dalili kwamba baadhi ya walioyaona sana walizidi kuvutiwa. Maelezo yaliyotolewa yanaingia akilini kabisa: kijana anayeambiwa kila jioni "usivute" anaanza kuamini kwamba wenzake wote wanavuta, amebaki yeye. Walimu, mnaposema mstarini kwamba siku hizi watoto wote mnatazama picha chafu, mfikirieni yule aliyekuwa hajawahi kuzitazama.

Sisi tunao mfano wetu, na naupenda kuliko wa ng'ambo. Mwaka 1993 Redio Tanzania ilianza mchezo wa Twende na Wakati. Mnamkumbuka Mkwaju, yule dereva wa lori mwenye wapenzi wengi njiani, na mkewe Tunu? Kituo cha Dodoma hakikuurusha mchezo huo mpaka 1995, kwa hiyo watafiti wakapata nafasi ya kulinganisha waliosikiliza na wasiosikiliza. Waliosikiliza ndio waliobadilika zaidi, kwenye uzazi wa mpango na kwenye kujikinga na UKIMWI. Na watafiti waliona kwamba mazungumzo yaliyofuata mchezo yalikuwa na nguvu kubwa. Mke na mume walibishana juu ya Mkwaju, na katika kumsema Mkwaju wakayasema ya kwao.

Hata vyandarua. Mwaka 2013 mikoa ya Mtwara, Lindi na Ruvuma ilianza kugawa vyandarua kupitia wanafunzi. Mtoto alikipeleka nyumbani mkononi mwake, kwa hiyo alipaswa kueleza ni cha nini. Ujumbe ulipita mdomoni mwa mtoto.

Sasa simu. Msimu wa korosho ukifika, malipo yakiingia, simu za kupangusa zinaongezeka vijijini. Sizichukii, kwa simu hizo mama mjamzito anapata usafiri usiku. Lakini namwona mtoto wa mwaka mmoja analishwa uji huku ameshikishwa simu ili anyamaze. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2019: chini ya miaka 2 skrini haishauriwi, miaka 2 hadi 4 isizidi saa 1 kwa siku. Kijana wa sekondari anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Simu ikilala chini ya mto wake, hesabu hiyo haitimii, na asubuhi mwalimu anadhani ana mwanafunzi mzito wa kuelewa.

Linaloniuma zaidi ni kubeti. Sheria inataka mtu awe na miaka 18, lakini mvulana wa miaka 13 aliye kwenye kibanda umiza, kile cha kutazamia mpira, anaona tangazo kabla ya mechi, mapumziko, na baada ya mechi. Tangazo linamwonyesha mshindi anayeshangilia na rafiki zake. Sisi tunamwonyesha nini? Neno "usi-", halafu tunaondoka.

Mama zangu makungwi, nyinyi kazi hii mnaijua kuliko sisi wenye sare. Fundisho lenu la unyago lina wimbo, lina mafumbo, na kila mwali ana somo wake, yaani mlezi wake wa unyago, wa kumrudia maishani akisahau au akikwama. Hakuna bango lenye somo. Nasema pia bila kuficha: mtoto wa miaka 8 asifundishwe mambo ya ndoa. Mfundisheni usafi, mfundisheni kukataa mkono wa mtu mzima, na ahadi yenu ya kumsikiliza ibaki palepale mpaka akue. Akiona kitu kibaya kwenye simu, aje kwa somo wake bila kuogopa kuchapwa.

Mwaka 2024 chanjo ya HPV ikawa dozi moja, na mwaka ule ilitolewa kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Mmoja wa wale waliojifungia chooni, sasa ni mtu mzima, alimleta mdogo wake mwaka ule. Nilimkuta kwenye foleni anawajibu watoto maswali kabla sijafika.

Kabla hatujaanza maswali nina ombi. Mwenye sauti au klipu yoyote ya kusema chanjo ni mbaya, asiifute. Wajomba, hasa nyinyi. Leteni hapa mbele, tuifungue kwa sauti kubwa watoto wakisikia, tuisimamishe kila sentensi, na kila sentensi tuijibu.