Upepo Ndio Unaoifikisha Bahari Mjini

Mabibi na mabwana, ninawashukuru kwa kunialika. Tabianchi ya kibahari ni ile ambayo kiangazi chake hakichomi sana wala kipupwe chake hakigandishi sana, nayo kwa kawaida huelezwa kwa ukaribu wa bahari peke yake. Maelezo hayo, kwa maoni yangu, ni nusu tu ya ukweli.

Tazameni miji miwili ya bandari: Vladivostok, katika mashariki ya mbali ya Urusi, na A Coruña, kaskazini magharibi mwa Hispania. Yote iko takribani latitudo 43 kaskazini mwa ikweta, hivyo jua huiangazia kwa pembe karibu ileile. Hata hivyo, wastani wa joto la Januari katika A Coruña ni kama nyuzi 11 za Selsiasi, ilhali katika Vladivostok ni takribani nyuzi 12 chini ya sifuri.

Ni kweli kwamba bahari ni ghala la joto. Kilo moja ya maji huhitaji takribani jouli 4,200 za nishati ili joto lake lipande kwa nyuzi moja, wakati mchanga mkavu huhitaji kama 800 tu. Tena mwanga wa jua hupenya ndani ya maji na mawimbi huyachanganya, hata joto likaenea katika tabaka nene badala ya kubaki juujuu kama linavyobaki ardhini. Kwa sababu hiyo bahari huchelewa kupata joto na huchelewa kulipoteza. Kwa mfano, katika San Francisco, mji wa pwani ya magharibi ya Marekani, mwezi wenye joto zaidi kwa kawaida ni Septemba, ingawa jua hufikia kilele chake mwezi Juni.

Lakini joto lililo baharini halimfai mkazi wa pwani mpaka upepo umletee. A Coruña hupokea pepo za magharibi zilizokwisha kusafiri juu ya Atlantiki, na hewa hiyo hufika mjini ikiwa na unyevu na uvuguvugu wa maji. Vladivostok, wakati wa baridi, hupata kinyume chake: hewa nzito na kavu hurundikana juu ya ardhi iliyoganda ya Siberia, kisha humiminika kuelekea baharini, ikipita juu ya mji na kuusukumia mbali uvuguvugu wa bahari iliyo mbele yake. Upepo unapogeuka majira ya joto, mji huohuo hujaa ukungu na unyevu wa bahari, na mwezi wake wa joto zaidi huwa Agosti, si Julai kama ilivyo sehemu nyingi za ndani ya Siberia, mbali na bahari.

Kwa hiyo, anayepanga majengo, bandari au mashamba ya pwani, ninamsihi aanze na kumbukumbu za mwelekeo wa upepo wa kila mwezi, ndipo apime umbali wa kutoka ufukweni.