Wageni wa Novemba na chakula cha njiani

Habari za jioni, wazee wangu, nanyi vijana mliojibanza huku nyuma karibu na mlango. Nimeombwa nizungumzie ndege wanaohama, na najua wengi mnangoja niseme wanaruka umbali gani, wanavuka jangwa gani. Mimi nitasema juu ya kula. Ndege mdogo anayetoka Urusi kwenda Zambia hutumia siku nyingi zaidi akitafuta riziki kuliko akiwa angani.

Nianze na jirani zetu hapa Voi. Kule Ngulia, ndani ya Tsavo Magharibi, kuna hoteli iliyokaa kwenye ukingo wa mteremko mkali. Novemba na Desemba, usiku usio na mwezi, ukungu ukishuka, taa za hoteli ile huwavuta ndege waliokuwa wakipita juu kwa juu. Graeme Backhurst na David Pearson walianza kazi pale mwaka 1969: kuwanasa kwa nyavu nyembamba, kuwavisha pete ya namba mguuni, kuwapima, kuwaachia. Kufikia leo ni laki kadhaa waliovishwa pete.

Sasa mshike mmoja, yule wataalamu wanayemwita Acrocephalus palustris. Kwa sura hana makuu: kahawia mgongoni, manjano ya kufifia tumboni, gramu 12 hivi, yaani vijiko vitatu vya sukari. Mlaze chali kiganjani, shingo katikati ya vidole viwili, halafu mpulizie kidarini. Manyoya yanafunguka, na ngozi ni nyembamba hata unaona ndani. Chini ya koo kuna kishimo. Ukikikuta kitupu, chekundu, huyo ana njaa. Ukikikuta kimejaa manjano kama samli iliyoganda, huyo ana safari. Gramu moja ya mafuta yale hutoa nguvu zaidi ya mara mbili ya gramu moja ya wanga, na msafiri wa gramu 12 hana mgongo wa kubebea gunia la mahindi.

Kayapata wapi? Huyu huondoka Ulaya mnamo Agosti, akatua Sudan na Ethiopia wakati mvua za huko zimeacha majani mabichi. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu hukaa hata miezi miwili, na jembe lake ni mdomo: viwavi, buibui, vidukari, nzi. Huko kukianza kukauka, huku kwetu vuli inapiga. Mmeona wenyewe vichaka vya Tsavo, leo vijiti vya kuni, wiki ijayo kijani na wadudu tele. Basi anafika na mvua.

Linalonishangaza mimi ni tumbo. Katika safari ndefu mwili hauli mafuta peke yake, hula pia utumbo na mfuko wa chakula, vikanywea. Kwa hiyo akitua, hata chakula kikiwa tele, siku za kwanza uzito haupandi sana mpaka utumbo ukue tena. Ni kama aliyefunga: humwanzishii pilau, unampa uji kwanza.

Na wapo wanaobadili chakula kabisa. Curruca communis, ambaye pia hunaswa kwa wingi Ngulia, majira ya kuzaa huko Ulaya hula wadudu hasa. Lakini kando ya Ziwa Chad, kabla ya kuvuka Sahara kurudi kaskazini, hunenepa kwa matunda ya mswaki. Ndiyo, mswaki huu huu mnaosugulia meno! Sisi tuliochunga mbuzi tuliyala yale matunda, matamu yenye ukali kidogo wa pilipili, tukarudi midomo inawasha. Tunda halikimbii, halirukii tawi la pili, na sukari yake mwilini hugeuka mafuta. Mtu akipita pale ataona pori tupu la kukata kuni.

Niwaambie nilichokiona asubuhi moja Ngulia. Ndege amepimwa, amevaa pete, nikafungua kiganja. Nilidhani atashika njia ya kusini mara moja. Akaingia kichaka cha kwanza, hatua kumi kutoka nilipo. Tawi likatikisika. Akatokea na kiwavi cha kijani mdomoni, akakipiga mara mbili kwenye kijiti, akakimeza, akarudi ndani kutafuta kingine.

Haya, nani ana swali?