Berlin kwa Miguu: Historia Iliyo Chini ya Nyayo

ZUHURA: Hamjambo wasikilizaji, karibuni tena. Mimi ni Zuhura, nikiwa Berlin, na mwenzangu Baraka yuko Dar es Salaam baada ya kurejea kutoka huku. Leo tunazungumzia matembezi ya kuongozwa katika mji mkuu wa Ujerumani, na hasa yale ambayo mgeni kutoka Afrika Mashariki anapaswa kumwomba mwongozaji wake amwonyeshe.

BARAKA: Ahsante, dada Zuhura. Niseme mapema kwamba ipo miji ya Ulaya ambayo mtu anaweza kuizunguka peke yake akiwa na ramani tu, kwa sababu kasri lipo, kanisa kuu lipo na ngome ipo. Berlin haiko hivyo. Vita vya Pili vya Dunia viliharibu sehemu kubwa ya katikati ya mji, na tawala zilizofuata zikaondoa magofu mengi, kwa hiyo mambo mazito ya historia yalitendeka katika majengo ambayo leo hayapo kabisa. Mtu asiye na mwongozaji hupita mahali hapo akidhani ni mtaa wa makazi usio na habari yoyote.

ZUHURA: Na kilichowekwa ili kukumbusha, mara nyingi kimewekwa chini. Ukuta wa Berlin, uliotenganisha Berlin Mashariki na Magharibi, ulioanza kujengwa tarehe 13 Agosti 1961 na kufunguliwa tarehe 9 Novemba 1989 umebomolewa karibu wote, lakini katikati ya mji utaona safu mbili za mawe zikikatiza barabara mahali ulipopita. Magari yanapita juu yake na watu wanavuka bila kujua kwamba wametoka upande mmoja wa dunia wakaingia upande mwingine.

BARAKA: Kilichonishangaza zaidi kwa upande huo ni uwanja wa Bebelplatz, mkabala na Chuo Kikuu cha Humboldt. Hapo ndipo Wanazi walipochoma vitabu tarehe 10 Mei 1933, wanafunzi wakiwa mstari wa mbele, jambo ambalo kwa mtu aliyefundisha kama mimi linauma sana. Hakuna sanamu. Kuna kipande cha kioo kilichopachikwa katikati ya mawe ya uwanja, na ukiinama kuchungulia unaona chumba cheupe chini ya ardhi chenye rafu tupu zinazoweza kubeba vitabu 20,000. Msanii wa Israeli, Micha Ullman, ndiye aliyekibuni. Mchana kioo kinaakisi mawingu, kwa hiyo unalazimika kusogea, kuinama na kukinga mwanga kwa mikono ndipo uone kwamba hakuna kitu.

ZUHURA: Matembezi ya kawaida huchukua saa mbili hadi tatu, na mengi huanzia Lango la Brandenburg, ambalo lilijengwa kati ya 1788 na 1791. Hapo sitakaa sana, kila mtu amekwisha kuona picha zake. Kutoka pale vikundi huelekea kwenye kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa barani Ulaya, ile yenye nguzo 2,711 za zege iliyofunguliwa Mei 2005. Kisha hugeukia maegesho ya magari yaliyo juu ya mahali palipokuwa handaki la Hitler, ambako kuna kibao cha maelezo kilichowekwa 2006. Watu husongamana sana mbele ya kibao kile.

BARAKA: Nami hapo ndipo nilipokuwa na hoja na mwongozaji wetu. Dakika chache kwa miguu kutoka kwenye maegesho yale, katika barabara ya Wilhelmstraße, kwenye namba 92, ndipo lilipokuwa kasri la Kansela Otto von Bismarck, na ndani ya kasri hilo ndipo ulipofanyika Mkutano wa Berlin kuanzia tarehe 15 Novemba 1884 hadi tarehe 26 Februari 1885. Mataifa 14 yalikaa pale, na hakuna hata Mwafrika mmoja aliyekuwa mezani. Mwongozaji wetu alikuwa tayari kutupitisha upande mwingine. Nilimwomba kwa heshima atupeleke, na wenzangu katika kikundi, ambao walitoka mabara mbalimbali, walikubali.

ZUHURA: Waeleze wasikilizaji kuna nini pale.

BARAKA: Kuna majengo ya ghorofa yaliyojengwa na Ujerumani Mashariki miaka ya 1980, watu wanaishi, nguo zimeanikwa vibarazani. Kando ya njia ya waenda kwa miguu kimesimama kibao kinachoeleza juu ya mkutano ule. Kiliwekwa 2005, miaka 120 baada ya mkutano kumalizika, na hakikuwekwa na serikali bali na chama cha kiraia. Nilisimama mbele yake nikifikiri kwamba shule zetu zote, kuanzia Kigoma hadi Lamu, zinafundisha habari za mkutano huu, mtihani wa taifa unauliza habari zake, na mahali penyewe pana kibao ambacho mpita njia mwenye haraka hawezi kukiona.

ZUHURA: Lakini hapo, kaka Baraka, napenda turekebishe jambo moja ambalo hata waongozaji wazuri hulikosea. Watu husema kwamba siku zile walikaa na rula wakachora mipaka yote ya Afrika. Mkutano wenyewe ulijadili hasa biashara huru katika bonde la Kongo, usafiri katika mito ya Kongo na Niger, na masharti ya taifa moja kutambua madai ya jingine katika pwani. Mipaka ya kwetu ilikatwa baadaye katika mapatano ya Uingereza na Ujerumani, ya 1886 na yale ya tarehe 1 Julai 1890, ambayo yaliiweka Zanzibar chini ya ulinzi wa Waingereza huku Ujerumani ikipata kisiwa cha Heligoland.

BARAKA: Nakubali, ila tusilipunguze jambo lenyewe. Tarehe 27 Februari 1885, yaani siku moja tu baada ya mkutano kufungwa, Kaisari Wilhelm wa Kwanza alitoa hati ya ulinzi kwa maeneo ambayo kampuni ya Mjerumani Carl Peters ilidai kuyapata Usagara, Uzigua, Unguu na Ukami, kwa mikataba ambayo machifu waliitia alama bila kuelezwa ilichobeba. Sultani Barghash wa Zanzibar alipopinga, manowari za Kijerumani zilisimama mbele ya kasri lake mwezi Agosti mwaka huohuo. Kwa hiyo Mtanzania anaposimama Wilhelmstraße hasimami kwenye historia ya mbali. Amesimama mahali ambapo nchi yake ilianza kuandikwa jina jingine.

ZUHURA: Na kwa kuwa umemtaja Carl Peters, aliyeitwa Mkono wa Damu na wazee wetu, ni lazima tuende Wedding, kaskazini mwa mji, kwenye mitaa inayojulikana kama Mtaa wa Afrika. Unapanda treni ya chini ya ardhi, njia ya U6, na kushuka kituo cha Rehberge au Afrikanische Straße. Huko utapita Sansibarstraße, Usambarastraße, Ugandastraße, Kongostraße, Togostraße. Majina haya yalianza kutolewa 1899, wakati Ujerumani ilipokuwa ikijivunia makoloni, na mengine yaliongezwa hata baada ya makoloni hayo kupotea. Barabara ya Peters ilipewa jina lake 1939, chini ya Wanazi waliomtukuza.

BARAKA: Na jina hilo lilidumu miaka mingapi?

ZUHURA: Hadi 2024. Mwaka 1986, baada ya malalamiko, wenye mamlaka waliamua kwamba barabara ile sasa inamkumbuka mtu mwingine mwenye jina hilohilo la Peters, mwanasiasa wa Berlin aliyewapinga Wanazi. Jina la barabara lilibaki lilelile. Kwangu mimi uamuzi ule haukuwa wa haki, kwa sababu ulimfariji mwenye aibu bila kumjali aliyeumizwa. Wanaharakati, wengi wao wenye asili ya Afrika, waliendelea kudai kwa miongo kadhaa, na hatimaye mwezi Agosti 2024 barabara iligawanywa: kipande kimoja kikaitwa Maji-Maji-Allee, kingine kikapewa jina la Anna Mungunda, mwanamke wa Namibia aliyeuawa Windhoek 1959. Miaka miwili kabla, barabara na uwanja wa jirani vilikwisha kupewa majina ya Cornelius Fredericks wa Namibia na familia ya Manga Bell ya Kamerun, waliopinga utawala wa Kijerumani.

BARAKA: Mimi mama yangu ni mtu wa Songea, na wasikilizaji wa Ruvuma na Lindi watanielewa nikisema kwamba kusoma maneno Maji-Maji kwenye kibao cha barabara ya Berlin kulinigusa. Vita vile vya 1905 hadi 1907 viliua watu wengi mno, makadirio yakianzia 75,000 na kufikia 300,000, wengi wao kwa njaa, kwa sababu jeshi la Kijerumani lilichoma mashamba na maghala. Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda Songea Novemba 2023 na kuomba msamaha. Yaliyosemwa Songea na yaliyoandikwa kwenye nguzo ya barabara Wedding yanapaswa kusomwa pamoja.

ZUHURA: Sasa naomba turudi katikati ya mji, kwa sababu sitaki kipindi kiishe kabla ya kufika Brunnenstraße.

BARAKA: Endelea, dada, hilo ni lako.

ZUHURA: Mbele ya nyumba namba 193 kuna jiwe dogo lenye uso wa shaba ya manjano, sentimita 10 kwa 10, limepachikwa usawa wa ardhi. Ni mojawapo ya mawe yaliyoanzishwa na msanii Gunter Demnig kuwakumbuka waliodhulumiwa na Wanazi, kila moja mbele ya makazi ya mwisho ambayo mtu aliyachagua kwa hiari yake. Ili usome herufi zake lazima uiname. Limeandikwa jina la Mahjub bin Adam Mohamed, anayejulikana pia kama Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam, 1904. Alikuwa mtoto alipopigana Vita vya Kwanza pamoja na baba yake, askari katika jeshi la Kijerumani. Mwaka 1929 alikuja Berlin kudai mishahara ambayo yeye na baba yake hawakulipwa, na akaambiwa kwamba amechelewa.

BARAKA: Na hakurudi.

ZUHURA: Alibaki. Alifanya kazi ya kuhudumu hotelini, aliigiza katika filamu, na alifundisha Kiswahili chuoni. Alioa mwanamke wa Kijerumani tarehe 27 Januari 1933, siku tatu kabla ya Hitler kushika madaraka. Mwaka 1941 alikamatwa kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke mzungu, akapelekwa kambi ya mateso ya Sachsenhausen bila kesi, na huko akafa tarehe 24 Novemba 1944. Wakazi wa Berlin husugua mawe haya kwa kitambaa ili shaba isififie. Nimelisugua lile mwenyewe, na nitaendelea.

BARAKA: Kutoka hapo, ukifuata Invalidenstraße kuelekea magharibi, unafika Makumbusho ya Viumbe Asilia, ambako umesimamishwa mfupa kwa mfupa yule mjusi mkubwa wa kale wa Tendaguru, Lindi, mwenye kimo cha zaidi ya mita 13. Uchimbaji ulianza 1909, miaka miwili tu baada ya vita vya Maji Maji katika eneo lilelile, na mifupa ilibebwa na wapagazi hadi bandarini Lindi. Muulize mwongozaji habari za Boheti bin Amrani, msimamizi wa wachimbaji. Jibu lake litakuonyesha kama amejiandaa.

ZUHURA: Swali zuri, kwa sababu Ujerumani haidai leseni kwa mwongoza watalii, yeyote anaweza kuanza kesho. Basi muulize kabla ya kulipa kama atasimama Wilhelmstraße 92. Matembezi yanayotangazwa kuwa ya bure humlipa mwongozaji kwa bahshishi, kwa hiyo mtu aondoke na noti mfukoni. Na anayekuja Desemba aanze saa nne asubuhi, maana jua huzama kabla ya saa kumi jioni, na kibao cha Wilhelmstraße hakisomeki gizani.