Sandwichi ya Bulgogi na Kimchi Ambayo Mkate Wake Haulowi

Karibuni jikoni, ndugu watazamaji. Leo tunaandaa sandwichi ninayoipenda kuliko zote katika kafe yetu, yaani bulgogi (nyama ya Kikorea iliyokatwa nyembamba na kulowekwa kwenye sosi tamu), kimchi (kabichi ya Kikorea iliyochachushwa kwa pilipili) na jibini ndani ya mkate wa rai, nafaka inayofanana na ngano. Wanaoifahamu Reuben, sandwichi ya Kimarekani yenye nyama ya ng'ombe iliyokolezwa chumvi, jibini ya Uswisi na kabichi iliyochachushwa, wataona kwamba mahali pa kabichi ile tumeweka kimchi. Zote mbili huchachushwa kwa chumvi na bakteria wanaotengeneza asidi ya laktiki, kwa hiyo uchachu wake hupunguza uzito wa jibini mdomoni, ila kimchi huongeza pilipili, kitunguu saumu na tangawizi.

Weka nusu kilo ya nyama ya ng'ombe kwenye friza kwa dakika 30 hadi 45 ili ikaze bila kuganda, kisha uikate nyembamba kama karatasi kwa kukatiza nyuzi zake. Ichanganye na vijiko vikubwa vinne vya sosi ya soya, viwili vya sukari, kimoja cha mafuta ya ufuta, punje nne za kitunguu saumu kilichopondwa na nusu ya peasi iliyokwaruzwa. Peasi usiiache, kwa kuwa ndiyo inayolainisha nyama na kuipa utamu usiotoka kwenye sukari. Nusu saa inatosha.

Sasa naomba utulie hapa, kwa sababu ndipo sandwichi nyingi zinapoharibika. Kimchi ina maji mengi. Ichukue kwa mkono, uiminye juu ya bakuli, kisha uiminye tena hata kama unadhani imekauka. Tazama kiasi kilichotoka mara ya pili! Maji hayo usiyamwage, tutayatumia. Ikate ndogo ndogo na uikaange bila kuifunika, hadi kingo zake zianze kuwa kahawia na sauti ya kikaangio ibadilike kutoka kutokota kuwa kutatarika. Ukiiweka kwenye mkate kabla ya kuisikia sauti hiyo, mkate utalowa hata ungekuwa mzuri namna gani.

Nyama nayo ikaangwe kwa moto mkali, kidogo kidogo. Ukiijaza yote kwa pamoja itatoa maji na kuchemka badala ya kukaangika. Samahani, mvuke umefunika kioo cha kamera, tunaupangusa. Sasa mnaona vizuri: sukari imeanza kushika rangi, na kikaangio hakina maji. Epua mara moja, maana kutoka rangi hii hadi kuungua ni muda mfupi sana.

Kwa sosi, changanya vijiko vikubwa vitatu vya mayonezi na kijiko kidogo cha gochujang, ambayo ni pilipili ya Kikorea iliyosagwa na kuchachushwa pamoja na mchele na soya, kisha ongeza kijiko kidogo cha yale maji ya kimchi. Wengine huongeza asali, lakini mimi naona nyama ina utamu wa kutosha.

Paka siagi upande wa nje wa vipande vya mkate, na sosi upande wa ndani. Jibini ikae chini na juu, nyama na kimchi zikiwa katikati, kwa maana jibini iliyoyeyuka huzuia unyevu usiufikie mkate. Nakumbusha tena: gusa kimchi kwa kidole kabla ya kuipanga, na ikiwa inaacha maji, irudishe motoni.

Kaanga kwa moto mdogo huku ukiikandamiza kwa sufuria nzito, dakika tatu au nne kila upande. Iache dakika moja kabla ya kuikata, la sivyo jibini yote itamwagika. Anayetaka kuibeba kazini aifunge kwenye karatasi, wala asitumie mfuko wa plastiki, kwa kuwa mvuke utakaonaswa humo utaulowesha mkate tulioulinda tangu mwanzo.