Tusingoje Juni: mhadhara kwa vijana wa Shauri Moyo

Wale wa nyuma mnanisikia? Maiki ikileta shida pigeni kelele.

Ahsanteni kwa kutoka na hii mvua. Kutoka hapa mpaka uwanja wa Kamukunji ni kutembea tu, na pale ndio watu walikuja 7 Julai 1990 kudai vyama vingi, mkutano ulikuwa umepigwa marufuku, wakachapwa vibaya na wengine wakauawa. Enzi hizo lazima serikali ikupe leseni ndio uhutubie watu. Hio leseni iliondolewa 1997, na tangu hapo sheria inataka umpelekee OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, notisi, siku 3 kabla na isizidi 14, basi. Karao akikwambia hamna ruhusa, Katiba kifungu cha 37 hakijataja ruhusa popote, kinataka muende kwa amani na bila silaha.

Lakini hilo wengi mnalijua, kuna kitu kingine kinaniuma. 2024 tulipinga mswada wa fedha mwezi wa Juni. Mkate ulikuwa unawekewa VAT ya 16%, magari ushuru wa 2.5% kila mwaka, vijana wakausoma mswada kwa TikTok wengine wakautafsiri kwa lugha za nyumbani, tarehe 25 watu wakaingia Bunge na kesho yake Rais akasema hatatia sahihi. Tulisikizwa, na wenzetu walikufa. Mimi kila nikikumbuka hao waliokufa najiuliza mbona tunaanza kuongea Juni wakati hesabu ilianza kitambo? Serikali kuu inapeleka mpango wake wa bajeti Bungeni kufikia 15 Februari, kaunti kufikia 28 Februari, hapo ndio inaamuliwa afya ipate ngapi na barabara ngapi. Makadirio yanafuata 30 Aprili. Ukija Juni unapata chakula kimeshapakuliwa.

Na Katiba inawalazimisha watuulize maoni. Sasa nendeni muone hicho kikao cha maoni ya bajeti. Notisi iko kwa gazeti hakuna kijana ananunua, ni siku ya kazi saa tatu asubuhi, unakuta wazee na kina mama wa chama, karatasi ya mahudhurio inazungushwa, afisa anasoma Kiingereza kirefu halafu anauliza kama kuna swali huku anafunga laptopu. Kwa kimoja nilichohudhuria kijana mmoja alisimama akauliza taa za mtaa wao zilizokuwa kwa bajeti ya mwaka uliopita ziko wapi. Ukumbi ukanyamaza, afisa akaanza kupekua makaratasi, na kina mama wakakataa kikao kiendelee mpaka swali liandikwe. Liliandikwa. Nairobi ina wodi 85, hebu fikirieni vijana kumi tu kwa kila ukumbi, wamesoma hio karatasi ya bajeti kabla ya kuja.

Na msiseme hio karatasi ya bajeti hatupewi. Kuna sheria ya 2016 ya kupata habari, unaandika barua kwa Kiswahili ukitaka, hawana haki ya kukuuliza unaitakia nini, na wana siku 21 za kukujibu. Wakinyamaza unaenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile inayosikiza malalamiko dhidi ya ofisi za serikali. Andika, weka kopi, wapige muhuri wa kupokea, huo muhuri usisahau kabisa.

Maswali. Ndio dada... anauliza tukishikwa je. Wakuambie sababu kwa lugha unayoelewa, una haki ya kunyamaza na ya kuongea na wakili, na ufikishwe kortini kabla ya saa 24, ila zikiishia wikendi unangoja siku ya korti inayofuata, ndio maana kamatakamata ya Ijumaa inaogopwa hivyo. Kwa hivyo kabla ya kutoka nyumbani shika kichwani namba ya mtu mmoja wa kupigia, simu utanyang'anywa. Haya, kaka wa kofia, endelea.